Mtazamo wa Ghafla Uliotundikwa Ukutani

  

Ndugu yetu mmoja, mtu wa sala na mwenye mkahawa mjini, alitujia baada ya darsa akiwa na kitu kilichofungwa gazeti. Alipokifungua tuliona kuwa ni bati, na juu ya bati imechapwa picha ya Kimarekani ya kizamani kwa rangi za kupendeza. Ni msichana aliyepanda ngazi akitundika pazia. Upindo wa nguo yake umenasa msumari, paja likawa wazi, naye ameshika shavu na mdomo ameufanya duara kama mtu aliyeshtuka. Ndugu yetu akasema kuwa aliinunua pamoja na nyingine tatu za namna hiyo kwa ajili ya kupamba ukuta, kwani mapambo ya zamani siku hizi yapendwa na wateja wake vijana. Zilikuwa zimetundikwa kwa miezi minane, na hapana aliyelalamika.

Lililomleta kwetu ni neno la binti yake. Binti huyo ana miaka 16, na jioni humsaidia baba yake kwenye kaunta kwa kuwa baba ana maradhi ya magoti. Siku moja alimwuliza, "Baba, huyu mwanamke amemshtukia nani?" Baba akajibu, "Hapana mtu, mwanangu. Nguo imenasa tu." Binti akasema, "Basi mbona anatutazama sisi?" Ndugu yetu hakuwa na jibu. Tangu siku ile, alisema, binti yake hukaa kwenye kaunta akiupa ukuta ule mgongo.

"Shekhe," akatuuliza, "hizi ni haramu, au ni sanaa ya zamani tu? Maana ukimlinganisha mwanamke huyu na yanayoonekana kwenye simu za watoto wetu, huyu ni kama aliyevaa."

Nasi hatukumjibu usiku ule. Tulimwomba muda, tukasoma habari za picha hizi na za watu waliozifanya, na haya ndiyo tuliyoyapata. Huenda msomaji akasema kuwa jambo hili halihitaji kusomewa, kwani haramu ni haramu. Sisi twaona kuwa mtu anayeambiwa "haramu" asielezwe ni nini hasa kilichomo ndani ya kitu chake, atakishusha leo na kesho atatundika ndugu yake. Wala hatuingii hapa katika khitilafu ya wanavyuoni juu ya kuchora viumbe wenye roho; hayo yamekwisha andikwa mengi. Sisi twataka kuisoma picha yenyewe.

Wamarekani waliziita picha hizi kwa jina linalotokana na pini, kwa sababu mtu alizikata gazetini akazibandika ukutani kwa pini. Nasi tutaziita picha za pini. Asili yake ni ya mbali kidogo. Katika miaka ya 1890 mchoraji Charles Dana Gibson alichora mwanamke mrefu, aliyevaa nguo hadi miguuni, nywele zimefungwa juu, machoni ana kiburi. Akapendwa Marekani yote. Mwaka 1903 aliwachora wanawake wa namna hiyo wakimchungulia kwa kioo cha kukuzia mwanamume mdogo kama mdudu, na mmoja wao amemwelekezea pini ya kofia. Twaitaja picha hiyo kwa kuwa ilituchekesha, na kwa kuwa wakati huo pini ilikuwa mkononi mwa mwanamke. Miaka arubaini baadaye mwanamke ndiye aliyebandikwa.

Gazeti la Esquire lilianza mwaka 1933, na ndani yake George Petty alichora wasichana waliopendwa mno. Baada yake, mwaka 1940, gazeti lile lilimwajiri Alberto Vargas, mzaliwa wa Arequipa katika nchi ya Peru, aliyefika Marekani mwaka 1916. Esquire waliondoa herufi ya mwisho ya jina lake wakaziita kazi zake za "Varga", na alipogombana nao juu ya mkataba, mambo yaliishia mahakamani na jina lile likabaki kuwa mali ya gazeti. Hii ndiyo biashara yenyewe: hata mchoraji aliyewauzia sura za wengine alinyang'anywa jina lake mwenyewe.

Walakini si magazeti yaliyozieneza zaidi picha hizi, bali kalenda. Katika mji wa St. Paul, Minnesota, kampuni ya Brown & Bigelow, iliyoanzishwa mwaka 1896, ilitengeneza kalenda za matangazo. Mwenye gereji au duka la vyuma alinunua kalenda hizo, jina la duka lake likachapwa chini ya picha, naye akawapa wateja wake bure. Watu wa pwani hawahitaji kufafanuliwa jambo hili. Msichana alikuwa chambo, na ndoana ilikuwa lile jina la duka lililo chini ya miguu yake. Mfanyi biashara hakumtaka mteja amkumbuke msichana. Alitaka jicho lake lirudi pale pale kila siku kwa muda wa miezi kumi na miwili. Na kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyouza kalenda za maskauti zilizochorwa na Norman Rockwell, zenye watoto wema wanaosaidia wazee. Kwake vyote viwili vilikuwa chambo, kila samaki na chake.

Mchoraji mkubwa wa kalenda hizo alikuwa Gil Elvgren, aliyezaliwa St. Paul mwaka 1914 akafa mwaka 1980. Alianza kuwafanyia kazi Brown & Bigelow mwaka 1945, akaendelea kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Tusimdhulumu: mtu huyu alikuwa fundi. Aliijua rangi ya mafuta, aliujua mwanga unavyoangukia ngozi na nguo, na kazi zake za mkono zimeuzwa mnadani katika miaka yetu hii, moja yao kwa zaidi ya laki mbili za dola. Walakini ufundi si hoja. Mwizi aweza kuwa fundi wa makufuli.

Basi tazama alivyofanya kazi. Msichana wake hakuchorwa akiwa amelala kitandani kama katika michoro ya Wazungu wa kale. Alichorwa akiwa na shughuli. Ampeleka mbwa matembezi, na kamba ya mbwa imemzunguka miguu. Apanda ngazi. Ashuka garini. Avua samaki. Apiga pasi. Na katika kila shughuli hutokea ajali: upepo huvuma, mwiba hunasa, mlango hubana upindo wa nguo, na msichana hushtuka. Ndilo fumbo lake karibu lote, alilolirudia mara nyingi asilichoke, wala wanunuzi hawakulichoka.

Na ajali hiyo ilikuwa ya uwongo mara tatu. Kwanza, hapakuwa na upepo wala mwiba. Palikuwa na chumba chenye taa, na msichana wa kulipwa akisimama kama alivyoelekezwa, mdomo akiufanya duara alipoambiwa aufanye duara. Pili, mchoraji alimpiga picha ya kamera kwa mpangilio alioutaka, akachagua iliyomridhisha. Tatu, alipoipeleka kwenye turubai aliirekebisha: miguu akairefusha, kiuno akakipunguza, kifua akakiinua. Hata msichana mwenyewe aliyekodiwa hakufanana na msichana aliyechorwa. Wale wanaosema kuwa picha hizi zaonyesha wanawake walivyokuwa zamani, kabla ya mambo kuharibika, na wazingatie hili: hapana mwanamke aliyepata kuwa vile, zamani wala sasa. Na kalamu hiyo leo imo mkononi mwa kila mtoto. Binti hupiga picha yake kwa simu, na programu iliyomo humpunguzia kiuno na kumkuzia macho, kisha hujitazama kiooni akajiona ana kasoro.

Sasa turudi kwenye swali la binti. Amemshtukia nani? Katika picha hizi mara nyingi hamna mwanamume. Kuna msichana, ngazi, mbwa, upepo. Aliyefanya kosa, ikiwa kosa lipo, ni upepo. Na aliyevaa nguo iliyonasa ni msichana mwenyewe. Yule asimamaye mbele na kutazama hayumo pichani, na kwa kuwa hayumo, hahukumiwi. Lakini uso wa msichana wamwonyesha. Macho yake yametoka nje ya picha, yamemwelekea mtu fulani aliyesimama pale, naye ni yeyote asimamaye pale: mwenye gereji, mteja anywaye chai, ndugu yetu, sisi. Binti wa miaka 16 aliiona picha kuliko tulivyoiona sisi wenye vilemba.

Na hapa ndipo penye nukta ambayo wanafunzi wetu wa fiqhi wataitambua. Sheria yetu imetofautisha mtazamo wa kukusudia na mtazamo wa ghafla. Jarir bin Abdallah, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, alimwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya jicho linaloangukia jambo kwa ghafla, naye akamwamrisha aligeuze jicho lake, Hadithi imo katika Sahihi ya Muslim. Na Sayyidna Ali aliambiwa asiufuatishe mtazamo kwa mtazamo, kwani wa kwanza amesamehewa na wa pili hakusamehewa. Huu ni wepesi mkubwa wa dini yetu. Mtu atembeaye njiani hawezi kujifunga macho. Upepo ukivuma, amevuma, naye hana dhambi maadamu atageuka.

Picha ya pini imeuchukua wepesi huo ikautengenezea bandia. Yampa mtazamaji mtazamo wa ghafla usio wa ghafla. Yamwambia: hukukusudia, ni upepo tu, wewe ulikuwa ukipita. Kisha upepo ule haukatiki. Nguo hairudi chini. Msichana hamalizi kushtuka. Lile lililosamehewa kwa dakika moja limetundikwa kwa msumari likakaa mwaka mzima, na mtu hulitazama kila asubuhi akijihesabu kuwa ni yule yule mpita njia asiye na kosa. Picha ya uchi mtupu, ambayo kila mtu aijua kuwa ni uchi, haina hila hiyo. Mtazamaji wake ajua afanyalo. Kwa hiyo ile hoja ya ndugu yetu, kwamba huyu ni kama aliyevaa, sisi twaigeuza: ule mguu ulioonekana "kwa bahati mbaya" ndio uliomfanya mtu wa sala aitundike mahali pake pa riziki bila ya moyo wake kumsuta.

Tutasema na jambo letu wenyewe, kwani si haki kuwahukumu wengine na kujificha. Tulipokuwa na miaka kumi na saba, tukisoma kwa mashekhe zetu na tumekwisha pita mlango wa hukumu za kutazama, kinyozi tuliyemwendea alikuwa na kalenda ya duka la vipuri. Ilitundikwa ukutani nyuma ya kiti, na kioo kilikuwa mbele, hata mtu hakuwa na haja ya kugeuza shingo. Tulijiambia kuwa jicho limeangukia tu. Likaangukia kila wiki mbili kwa muda wa mwaka mzima, na ilipofika Desemba tulijua kila mwezi una picha gani.

Madhara yake hayakuonekana kwa kinyozi. Yalionekana mtaani. Pepo za kaskazi zilipoanza tulijikuta tunakaa barazani saa ambazo hatukuwa tukikaa, na tukijiuliza kwa nini, jibu tulilijua: twangoja upepo. Siku moja jirani yetu, mama aliyekuwa akitupa mahamri tangu tukiwa watoto, alipanda kiti uani kwake kufunga kamba ya nguo, na kiti kilikuwa kibovu. Nasi, badala ya kwenda kumshikia, tulisimama. Hakuanguka, alhamdulillahi. Aligeuka akatuona tumesimama, akashuka pole pole, akaingia ndani, wala hakutuita tena kwa jina letu la utotoni. Hatukupata kumwomba radhi mpaka alipofariki. Kalenda ilikuwa imetufundisha kuwa mwanamke aliye juu ya kiti ni kitu cha kutazamwa, na tulilifahamu somo hilo kuliko somo la kitabuni.

Kuna wanaozitetea picha hizi kwa maneno yenye uzito, nasi twayasikiliza. Husema kuwa mwanamke wa Elvgren si mwanamke duni. Ana afya, ana furaha, hakulazimishwa, na wala si mwanamke wa danguro bali ni msichana wa nyumba ya pili. Ni kweli, na hayo yalikusudiwa. Walakini kwa kisa tulichokisimulia, msomaji ataona kuwa hilo la "msichana wa nyumba ya pili" ndilo baya kuliko yote. Husema tena kuwa wamo wanawake waliochora picha hizi. Nalo ni kweli: Zoë Mozert alijichora mwenyewe kwa kujitazama kiooni, na Joyce Ballantyne alikuwa fundi hodari. Lakini mpishi si lazima awe ndiye mlaji. Aliyenunua ni kampuni, na aliyetundika ni mwenye gereji. Wengine huleta kesi: mwaka 1943 mkuu wa Posta ya Marekani alitaka kuinyima Esquire nauli nafuu ya magazeti, na mwaka 1946 Mahakama ya Juu ikaamua kuwa si kazi ya Posta kupima kama gazeti lina manufaa. Nasi hatuna ugomvi na hukumu hiyo. Serikali ikianza kuwachagulia watu la kusoma, hata karatasi hii yetu yaweza kukosa nauli. Ila ruhusa ya kupeleka kitu kwa posta si ruhusa ya moyo kukikaribisha.

Vita vilipokuja, picha hizi zilikwenda navyo. Askari walizibandika kambini na wakazichora kwenye pua za ndege za kutupa mabomu. Ndege mashuhuri iliyoitwa Memphis Belle ilichorwa msichana wa Petty. Twawafahamu vijana wale: walikuwa mbali na kwao, na wengi wao hawakurudi. Lakini lile la tarehe 1 Julai 1946 halina udhuru. Siku hiyo Wamarekani walijaribu bomu la atomiki katika kisiwa cha Bikini, na juu ya bomu lile walibandika picha ya mwigizaji Rita Hayworth, wakaliita Gilda kwa jina la mwanamke aliyemwigiza katika sinema. Mume wake wa wakati huo, Orson Welles, alisimulia kuwa mwanamke yule alikasirika mno. Hapana aliyemwuliza. Uso wake ulikwisha kuwa mali ya watu, na watu huweka mali yao watakapo.

Na fedha je? Mwaka 1949 Marilyn Monroe, kabla ya kuwa na jina, alipigwa picha bila nguo kwa ajili ya kalenda, akapewa dola 50. Mwenyewe alisema baadaye kuwa alikuwa na shida ya fedha. Miaka minne baadaye mtu mmoja wa Chicago, Hugh Hefner, alinunua haki ya picha hiyo kwa dola 500, akaitia katika toleo la kwanza la gazeti lake la Playboy, Desemba 1953. Utajiri uliotoka hapo wajulikana. Na Bettie Page, aliyepigwa picha nyingi kuliko karibu wenzake wote wa miaka ya 1950, aliziacha kazi hizo na mwishoni mwa muongo ule akashika dini yake ya Kikristo kwa nguvu. Kwa miaka mingi aliishi na dhiki huku wengine wakiuza sura yake kwenye vikombe na fulana. Alipokuwa mzee alikataa kupigwa picha ya uso, kwani alitaka watu wamkumbuke alivyokuwa. Sisi hatukumhukumu tuliposoma hayo. Tuliona huzuni. Bibi aliyeishi hata miaka 85, akafa mwaka 2008, alilazimika kujificha nyuma ya msichana wa ukutani.

Sasa tuwageukie wenzetu wa mimbari, na tusamehewe ukali. Ni khutba ngapi tumezisikia juu ya mavazi ya mabinti, na ngapi juu ya macho ya wanaume? Katika Surat An-Nur, Mwenyezi Mungu amewaanza waumini wanaume kwa amri ya kuinamisha macho katika aya ya 30, kisha ndipo akawaamrisha waumini wanawake katika aya ya 31. Sisi twaanza na ya pili, na mara nyingi twaishia hapo hapo. Na kalenda hutundikwa na nani? Si kwenye vyumba vya wanawake. Ni gereji, kinyozi, ghala, mkahawa.

Katika Hija ya kuaga, Al-Fadhl bin Abbas, kijana mzuri wa sura, alikuwa amepakiwa nyuma ya Mtume (S.A.W.) juu ya ngamia. Akaja mwanamke wa kabila la Khath'am kuuliza mas'ala: baba yake ni mzee, hawezi kukaa imara juu ya mnyama, je, amhijie? Al-Fadhl akawa anamtazama, na mwanamke yule anamtazama. Mtume (S.A.W.) hakumfukuza mwanamke, wala hakumkatiza swali lake. Aliushika uso wa Al-Fadhl akaugeuzia upande wa pili, na mwanamke akajibiwa mas'ala yake: ndiyo, amhijie. Mkono ulikwenda kwenye uso wa mwanamume. Na katika Hadithi ya Sahl bin Saad, mtu alichungulia kwa tundu katika chumba cha Mtume (S.A.W.), naye akamwambia kuwa lau angalijua anachungulia angalimchoma jicho kwa kitana kilichokuwa mkononi, kwani kubisha hodi kumewekwa kwa ajili ya jicho. Haukutajwa udhuru kuwa tundu lilikuwapo.

Qur'ani nayo imetuchorea wanawake walio kazini, na atakaye kulinganisha na alinganishe. Katika Surat Al-Qasas, kuanzia aya ya 23, Nabii Musa afika kwenye maji ya Madyan akiwa mkimbizi, mwenye njaa, hana mwenyeji. Awakuta watu wananywesha wanyama, na wanawake wawili wamesimama kando wakiwazuia wanyama wao. Hapana neno hata moja juu ya sura zao. Twaambiwa kazi yao, twaambiwa shida yao, twaambiwa kuwa baba yao ni mzee sana. Musa awauliza wana nini. Wakisha kujibu, awanyweshea, kisha ageuka aende kivulini. Baadaye mmoja wao aja akitembea kwa haya, na huyo haya yake ni yake mwenyewe, hakuvuliwa na upepo ili Musa aione. Kisha mmoja wao ndiye ampimaye mwanamume mbele ya baba yake, na ampima kwa mambo mawili, nguvu na uaminifu. Mwanamke anayefanya kazi, aliyepatwa na shida mbele ya mwanamume mgeni: kisa ni kile kile cha Elvgren. Tofauti ni kuwa Musa aliitazama shida, akaiondoa, akaenda zake.

Ndugu yetu aliporudi tulimweleza haya kwa ufupi. Tukamwambia azishushe zote nne, na asimwuzie mtu mwingine, kwani hasara ya fedha ni nyepesi kuliko kumpelekea mwenzake kilichomtoka yeye. Akakubali upesi; nadhani alikwisha kata shauri kabla ya kuja. Lililomtatiza ni jingine. "Nimwambie nini binti yangu, Shekhe? Atauliza kwa nini zimeshushwa."

Tukamwambia amjibu swali lake la kwanza. Amwambie kuwa alikuwa na haki kuuliza, kuwa mwanamke yule ameshtushwa na baba yake na wateja wa baba yake, na kuwa shekhe naye amekiri kuwa alikuwa miongoni mwao. Alinyamaza kitambo, akalishika bati, akalifunga tena katika gazeti lake. Akasema, "Hilo ni gumu kuliko kuzishusha."

Juzi tulipita mkahawani kunywa chai. Mabati yale manne yamepakwa rangi nyeupe na kurudishwa pale pale ukutani, na juu yake imeandikwa bei ya chai, ya mahamri, ya mbaazi na ya samaki. Mwandiko ni wa binti yake. Mwenyewe alikuwa kwenye kaunta, ameelekea ukutani, akimhesabia mteja chenji.

Wallahu aalam.